Simba na leso ya marehemu mama

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyeingia nyumbani kwangu mtaani Buruburu, Nairobi, mapema Mei mwaka 2023 hakuonekana kubeba dawa ya kumponya mtu yeyote. Alikuja ndani ya katoni ya maziwa, umri wake miezi miwili, masikio yamelegea na tumbo limejaa kama ngoma. Mwanangu wa miaka 10 alimpa jina la Simba, ingawa kwa ukubwa hakumfikia hata paka wa jirani. Kufikia katikati ya Juni, Simba huyo alikuwa amekwisha kula jozi mbili za viatu vyangu vya kazini, patipati zote za nyumba, rimoti ya televisheni, pembe ya kochi na nusu ya kitabu cha Hisabati cha Gredi ya Nne.

Nitakueleza kwanza, mpenzi msomaji, jinsi alivyofika kwetu, kwa maana hapo ndipo kilipo kiini cha kisa hiki.

Mume wangu hufanya kazi Mombasa na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanangu akishapanda gari la shule, nami hurejea saa moja jioni ikiwa barabara ya Jogoo imenihurumia. Kwa miaka mingi tulikuwa na yaya. Aprili ile alituaga akaenda kuolewa, nami nikapiga hesabu zangu. Mtoto amekua. Anaweza kujifungulia mlango saa kumi jioni, akanywa chai iliyoachwa kwenye chupa, akafanya kazi ya shule na kunisubiri. Fedha za mshahara wa yaya zitasaidia karo. Nililohofia ni upweke tu. Ndipo mwenzangu kazini, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa huko Ngong, aliponiambia, "Mchukulie mwanao mtoto wa mbwa. Hao wawili hawatachokana." Nikaona nimepata suluhisho bila kutoa hata shilingi moja.

Hesabu hiyo ilikuwa na kosa ambalo sikuling'amua. Mtoto angekaa peke yake kwa saa tatu kila siku. Mbwa naye angekaa peke yake kwa saa tisa na nusu.

Wiki mbili za kwanza zilipita vyema, kwa sababu Simba alikuwa mdogo na alilala kutwa. Mwishoni mwa Mei meno yalianza kumwasha. Kila jioni nilipofungua mlango nilikuta msiba mpya. Nilifanya kama walivyofanya wazazi wetu kijijini: nilimshika shingoni, nikamsukumia mdomo kwenye kiatu kilichotafunwa, nikamfokea. Naye aliinamisha kichwa, akafyata mkia, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Unaona?" nilimwambia mwanangu. "Anajua sana makosa yake. Huyu anafanya makusudi kwa sababu tunamwacha."

Washauri hawakukosekana. Abiria mmoja niliyezoea kuketi naye kwenye matatu aliniambia nipake pilipili kila mahali mbwa anapotafuna. Mwingine akasema shubiri ndiyo kiboko. Nilianza na pilipili ya kusaga kwenye miguu ya kochi. Simba alinusa, akapiga chafya mara tano, kisha akahamia kwenye pazia. Aliyeumia ni mwanangu, ambaye aliketi sakafuni kufanya kazi yake ya shule, akajipangusa macho kwa mkono uliogusa kochi. Usiku ule nilimwosha macho kwa maji mengi huku analia na mimi nikimlaani mbwa.

Halafu ikaja Alhamisi ya leso.

Marehemu mama yangu alifariki mwaka 2016. Vitu vyake viligawanywa kama ilivyo ada, na mimi sikuomba chochote ila leso moja nyekundu iliyopauka, ile aliyokuwa amejifunika kitandani miezi yake ya mwisho. Kwa muda mrefu niliiweka sandukuni. Lakini baridi ya Juni hapa Nairobi ni kali, na asubuhi ile nilikuwa nimejitanda nayo nikipika chai. Gari la shule lilipopiga honi niliitupa juu ya kochi, nikatoka mbio.

Jioni niliikuta imekuwa matambara. Simba alikuwa ameilalia, kipande kimoja kikining'inia mdomoni, na aliponiona alitikisa mkia.

Sitajitetea. Nilivua kiatu nikampiga. Nilimpiga hadi akajikojolea na kutambaa chini ya meza, na hata hapo nilimvuta nikampiga tena. Aliyenikomesha ni mwanangu, aliyesimama mlangoni mwa chumba chake akipiga mayowe, "Mama, basi! Mama, basi!" Nilimwambia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo kwamba Jumamosi mbwa huyo anapelekwa kwa KSPCA huko Karen, chama cha kulinda na kutunza wanyama, wampe mtu mwingine. Baadaye tu ndipo nilipotambua aibu iliyomo ndani ya maneno hayo. Nilikuwa nikimpeleka mnyama kwa watu wa kulinda wanyama ili wamwepushe na mimi.

Usiku huo mwanangu hakula. Nilipokuwa nikipiga pasi sare yake ya kesho yake, niliona kola ya shati imechanika. Nilidhani ni Simba tena. Nikaitazama vizuri chini ya taa. Kola zote mbili zilikuwa zimetafunwa kwenye ncha, nyuzi zimetoka, na meno yale hayakuwa ya mbwa. Nikafungua mkoba wake wa shule. Penseli zote zilikuwa na alama za meno mpaka kwenye risasi.

Nilikwenda nikaketi kitandani pake. Hakuwa amelala.

"Unatafuna shati siku hizi?" nilimuuliza.

Alinyamaza kitambo. "Saa zile nakungoja," akasema. "Siyo makusudi, mama."

Kisha akaongeza neno ambalo limenikaa moyoni hadi leo. "Simba hajui kusoma saa. Mimi najua utakuja saa moja. Yeye hajui kama utakuja."

Jumamosi hatukwenda Karen. Nilikwenda na mwanangu kwa daktari wa mifugo, mama mmoja wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa amemdunga Simba chanjo ya kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu. Nilimweleza yote, pamoja na kichapo. Hakunigombeza. Alimfungua Simba mdomo akamwonyesha mwanangu ufizi uliovimba.

"Mama, huyu yuko katikati ya kung'oa meno," alisema. "Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na kufikia miezi sita au saba anakuwa amepata yote 42 ya ukubwani. Ufizi unamuuma, na kutafuna ndiko kunakomtuliza. Kumkataza asitafune kabisa ni sawa na kumkataza mtoto mchanga asilie. Kazi yako ni kumchagulia cha kutafuna."

Kisha akaniuliza mbwa huyu hukaa peke yake kwa muda gani. Nilipomwambia saa tisa na nusu, alitikisa kichwa. Mbwa wa umri huo, alinieleza, hata haja ndogo hawezi kuizuia kwa zaidi ya saa tatu au nne, sembuse upweke. Mbwa ni mnyama wa kundi. Akiachwa ghafla katika nyumba tupu, hana kazi, hana mwenzake, ufizi unamwasha, atatafuta kitu cha kujifariji. Na kitu kinachomfariji zaidi ni kile chenye harufu ya mtu wake. Ndiyo sababu viatu huliwa kwanza. Ndiyo sababu, akasema akinitazama, leso ile iliyokuwa mabegani mwangu asubuhi haikupona.

Nilihisi kana kwamba mtu amenimwagia maji baridi. Muda wote ule nilidhani Simba alikuwa akilipiza kisasi.

"Na lile jicho la hatia?" nilimuuliza. "Anajua kabisa amekosa."

Daktari alicheka. Alisema mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotendeka dakika ile ile. Ukimpiga jioni kwa kiatu alichokula asubuhi, anachojifunza ni kwamba mama akifungua mlango kuna kipigo. Kesho yake utakapoondoka atakuwa na hofu maradufu, na mbwa mwenye hofu hutafuna zaidi. Tangu hapo nimesoma kuhusu jaribio la mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, lililochapishwa mwaka 2009, ambalo linaafiki maneno hayo. Alichunguza mbwa 14 waliokatazwa na wenyewe wao kula kipande cha chakula. Wenyewe walitoka chumbani, na waliporudi wengine waliambiwa uongo kuhusu yaliyotokea. Ikabainika kuwa "uso wa hatia" ulitokea mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Wale wasio na kosa waliokaripiwa ndio waliouonyesha zaidi. Kwa hiyo lile jicho la pembeni la Simba halikuwa ungamo. Alikuwa ananiomba nisiendelee.

Tulirudi nyumbani na maagizo, ambayo ninayaandika hapa kwa faida ya familia nyingine za mjini zilizo na msiba kama wetu.

Kwanza, nyumba ipangwe upya. Tulimtengea Simba jikoni na ua mdogo wa nyuma wenye kivuli, tukaweka ubao wa kuzuia njia ya sebuleni. Viatu vikapanda juu ya kabati, nyaya za umeme zikafungwa nyuma ya viti, milango ya vyumba ikafungwa. Daktari alisisitiza kuwa mbwa asifungwe mnyororo kutwa. Anachohitaji ni mahali salama, penye maji na matandiko yake.

Pili, awe na vitu vyake vya kutafuna. Karoti nzima iliyolala kwenye jokofu hutuliza ufizi. Dukani tulipata mpira mgumu wa mbwa wenye uwazi ndani, mkubwa kuliko mdomo wake ili asiumeze. Mwanangu huujaza ugali na omena usiku na kuuweka penye barafu, na asubuhi Simba hutumia nusu saa akiulambalamba. Tukaonywa tusimpe kiatu kikuukuu, kwa sababu mbwa hawezi kutofautisha cha zamani na cha Jumapili. Tusimpe mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vya kumtoboa tumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Pilipili humtesa tu, nayo shubiri humtapisha na kumharisha.

Tatu, achoshwe kabla ya kuachwa. Tangu siku ile tunaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi na mwanangu, tukamtembeza mtaani kwa dakika 20. Mbwa aliyetembea, akanusa kila ukuta, na kula, hulala. Nakiri kuwa hata mimi usingizi wangu umekuwa mzuri zaidi.

Nne, na hili ndilo lililotushinda kwa muda mrefu, afunzwe kuachwa. Siku za mwisho wa juma nilichukua ufunguo na mkoba, nikatoka, nikasimama nje ya lango kwa dakika moja, nikarudi bila kusema neno. Kisha dakika mbili. Kisha tano, kumi, nusu saa. Siku nyingine nilichukua ufunguo halafu nikaketi tu kusoma gazeti, ili mlio wa ufunguo usiwe tangazo la msiba. Kuaga kwa mabusu na kurudi kwa shangwe tukaviacha. Majirani waliokuwa wakinitazama nikitoka na kuingia kama saa ya ukutani walidhani nimerukwa na akili.

Tano, tukimkuta papo hapo na kitu kisicho chake, tunampa cha kwake tubadilishane, na akikipokea tunamsifu. Hakuna kofi, hakuna kelele.

Hata hivyo, daktari alituonya kuwa kuna mbwa ambao tatizo lao hupita kutafuna. Mbwa anayelia bila kukoma, anayetokwa na udenda mwingi, anayekwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu, huyo ana hofu kuu ya kuachwa na anahitaji matibabu.

Haya yote yalisaidia, lakini hayakuondoa zile saa tisa na nusu. Hilo lilitatuliwa na mtu ambaye nilikuwa nikimkwepa.

Pembeni mwetu anaishi mzee mmoja, mstaafu wa reli. Jumapili ile aliniita kwenye ua wa michongoma, nami nikajua amechoshwa na kelele. Nikaanza kuomba radhi kabla hajafungua kinywa.

"Binti yangu, sikukuitia ugomvi," alisema. "Huyo mbwa hulia tangu mnapoondoka hadi kama saa tatu hivi. Akinyamaza, najua ameanza kula mali yako. Hayo ni ya mbwa. Nilitaka kukuuliza habari za kijana. Kila jioni namwona ameketi kwenye ngazi ya mlango, hafungui kitabu, anatazama njia. Jua likizama bado yuko pale. Ningesema mapema, lakini watu wa siku hizi ukiwauliza kuhusu watoto wao wanakasirika."

Sikupata la kumjibu mara moja. Nilikuwa nimejisifu kwa wenzangu kazini kwamba mwanangu ni mkakamavu, anajitegemea. Kumbe kila jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi akitafuna kola ya shati, na mtaa mzima ulimwona ila mimi.

Tulikubaliana siku hiyo hiyo, na mzee hakutaka malipo, ingawa mwisho wa mwezi sikosi kumpelekea sukari na majani ya chai. Saa sita mchana huja kumfungulia Simba, akamzungusha mtaani kidogo na kumwekea maji. Saa kumi mwanangu akishuka kwenye gari la shule, humchukua Simba wakaenda kwa mzee. Huko hufanya kazi ya shule pamoja na mjukuu wa nyumba ile mpaka nifike. Nami nilimwendea mkubwa wangu kazini nikamwomba niwe nikiandika makala mawili kwa wiki nikiwa nyumbani. Nilitarajia anikatalie. Aliniuliza tu kwa nini sikuomba zamani.

Mpenzi msomaji, sitakudanganya kuwa Simba aligeuka malaika. Mwezi wa Agosti alikula rimoti ya pili, siku ambayo mimi mwenyewe niliiacha sakafuni. Lakini meno yake ya ukubwani yalipokamilika, na utaratibu ulipozoeleka, uharibifu ulipungua hadi ukaisha. Siku hizi ni mbwa mkubwa mwenye sauti nzito, na mchana hulala chini ya mwembe wa mzee kana kwamba ana hatimiliki ya kiwanja.

Kilichochukua muda mrefu zaidi ni kumrejeshea imani yake kwangu. Kwa wiki nyingi baada ya siku ile, nikivua kiatu tu, alitambaa chini ya meza. Mwanangu alinitazama nikimtazama, na hakuna aliyesema kitu. Ilinibidi nijifunze kuvua viatu nikiwa nimeketi sakafuni, polepole, hadi siku moja ya Septemba alipokuja mwenyewe akaweka kichwa juu ya mguu wangu.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli tupu, lakini hawakusema akunjwe kwa kiatu. Na nionavyo mimi, mzazi wa mjini anayerudi nyumbani akakuta kitu kimetafunwa, kabla ya kuuliza nani kaharibu, heri aulize kwanza nani ameachwa peke yake, na kwa saa ngapi.

Fundi cherehani wa sokoni aliokoa kipande kimoja cha leso ya mama, upana wa mikono miwili. Alikikunja pindo, nacho kimo sandukuni. Vile vipande vingine, mwanangu aliniomba ruhusa, akavishonea ndani ya tandiko la Simba. Nilisita, kisha nikampa. Asubuhi tukitoka, mbwa huenda kulala pale pale.

Kola za mashati ya mwanangu sasa ni nzima. Kwa hiyo nimerudi kwa wahenga nikawaomba radhi. Mgeni alikuja, na mwenyeji alipona.